Gari imegongwa: tutengeneze ama tuuze?

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za daftari na karo, ingawa mtaona mbele kwamba karo haiko mbali. Tumeletewa swali na familia tatu, na kwa kuwa sasa familia nyingi za kwetu zinachanga pesa kununua gari ya kazi, tumeona tulijibu mbele ya wote.

Familia hizi, mbili zinakaa Kampala upande wa Katwe na moja iko hapa kambini, zilichanga Sh. 7,000,000 zikanunua Toyota Corolla ya zamani, ile ambayo Waganda wanaiita Kikumi. Jina hilo maana yake mia moja kwa Kiluganda, kwa sababu ya namba ya modeli, AE100. Ni gari ya miaka ya 1990. Inabeba unga, vitenge na samaki wakavu, na siku nyingine wagonjwa. Ilikuwa inawaachia kama Sh. 120,000 kwa wiki baada ya mafuta na matengenezo madogo. Halafu asubuhi moja, ikiingia Kampala kwa barabara ya Masaka, pale Natete lori ya matoke ilisimama ghafla na Kikumi ikaingia nyuma yake. Boneti ilikunjika, taa ya kushoto ikavunjika, rejeta ikatoboka. Lori haikuumia hata kidogo, ikaendelea na safari yake baada ya maneno mengi. Mama aliyekaa mbele aliumia kifua kwa mkanda, akapelekwa hospitali, akaonekana mzima. Tunashukuru. Mkanda ule, kwa njia, ubadilishwe. Mkanda uliokwisha kuvuta mtu kwa nguvu si wa kuaminiwa mara ya pili.

Swali lao ni fupi. Fundi wa kwanza anataka Sh. 3,200,000 kurudisha gari kama ilivyokuwa. Mtu wa vyuma chakavu anatoa Sh. 2,500,000 aichukue hivyo hivyo. Familia ya kambini inasema tuuze, shule zinafungua. Familia za Kampala zinasema tutengeneze, gari ni mkono wetu. Na maneno yalikwisha kuwa makali, mpaka shemeji mmoja hamsalimii mwenzake. Je, nani ana haki?

Kwanza tuwatoe katika tumaini moja ambalo tuliulizwa na watu watatu tofauti: bima. Ile stika ya kwenye kioo ni ya sheria ya 1989, na kazi yake ni kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa ama aliyekufa kwa gari yako, tena kwa kiasi kidogo, shilingi milioni moja kwa mtu mmoja. Haitengenezi boneti yako. Haitengenezi hata boneti ya yule uliyemgonga. Bima kubwa inayolipa gari yenyewe, wenye gari ya milioni saba ni wachache sana wanaokuwa nayo. Na kwa kuwa Kikumi ndiyo iliyogonga kutoka nyuma, mwenye lori hana deni kwao. Kwa hiyo pesa yote itatoka mfukoni mwa familia, hakuna mwingine.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa ndipo familia zote tatu zilikuwa zinabishana kwa namba isiyofaa. Kila mmoja alikuwa anasema "milioni saba yetu." Baba mmoja alituambia, "Mwalimu, gari ya milioni saba utaiuzaje mbili na nusu?" Tunaelewa uchungu wake, hiyo pesa ilitoka kwenye jasho. Lakini milioni saba ilikwisha ondoka siku ile walipolipa. Ikiwa watatengeneza haitarudi, ikiwa watauza haitarudi. Namba za kutazama ni tatu tu: gari inauzika bei gani leo ikiwa imevunjika, kuitengeneza ni bei gani, na ikisha tengenezwa itauzika bei gani. Ile ya tatu ndiyo watu wanaisahau. Wanadhani ikitengenezwa itarudi kuwa ya milioni saba. Hapana. Imezeeka miaka miwili tangu inunuliwe, na mnunuzi wa Kampala ana macho. Akiona rangi mpya mbele tu, anajua. Waliuliza kwa watu wanaouza magari, wakaambiwa ikiwa safi kabisa itafika 5,500,000.

Hesabu hii tuliwapa watoto wa darasa la sita wiki iliyopita, bila kuwaambia ni gari ya nani. 5,500,000 ukitoa 3,200,000 inabaki 2,300,000. Na chuma chakavu inatoa 2,500,000 leo, bila kungoja. Darasa zima likasema: uza! Kisha msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Lakini mwalimu, lazima wapake rangi?"

Kweli, swali lake lilikuwa bora kuliko ya wazazi. Ile milioni tatu na laki mbili ya fundi wa kwanza ilikuwa na boneti mpya, fenda mbili, bampa, taa zote mbili, na rangi ya mbele yote. Sehemu kubwa ni uzuri. Samaki wakavu hawahitaji uzuri. Tuliwashauri waende kwa fundi wa pili, Ndeeba, wamuulize bei ya kuifanya itembee salama tu: rejeta ya mtumba, taa moja, boneti ya mtumba ya rangi yoyote, fenda inyooshwe kwa nyundo, na ile fremu inayoshika rejeta ichomelewe. Akasema 1,300,000. Gari ya namna hiyo, yenye sura ya kupigwa lakini inatembea vizuri, wanunuzi walisema wangetoa 4,600,000. Toa 1,300,000, inabaki 3,300,000. Hiyo inazidi chuma chakavu kwa 800,000.

Kwa hiyo gari ni moja na ajali ni moja, lakini fundi mmoja anakuambia uza na mwingine anakuambia tengeneza, kwa sababu kila mmoja ameulizwa kitu tofauti. Hapa Kampala tuko na bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Kule mkono wa fundi ni ghali, na gari ndogo ya zamani ikigongwa kidogo tu kampuni ya bima inaihesabu imekufa. Katwe watu wamezoea kunyoosha na kuchomelea chuma tangu zamani, na spea za mtumba kutoka Japani na Dubai ziko Kisekka, ziko Ndeeba. Gari inayozikwa London inaweza kufufuka Katwe. Ila si kila gari inayofufuka ni nzima, na hapo tunataka mtusikilize polepole.

Wale wale Waingereza, magari yao yaliyogongwa wanayapa herufi, na hizi za sasa ni za tangu 2017. A na B hayarudi barabarani kamwe. S ni yale yaliyoumia mifupa. N ni yale ambayo mifupa haikuguswa. Hatuhitaji herufi zao, lakini kugawa vile ni akili. Gari ndogo kama Corolla haina chesisi ya peke yake kama lori; bodi ndiyo chesisi. Ukifungua boneti utaona mihimili miwili ya chuma, kushoto na kulia kwa injini, inatoka mbele kurudi nyuma. Hiyo ndiyo mifupa. Boneti, bampa na fenda ni ngozi. Ngozi ikichanika unaweza kuishona taratibu. Mfupa ukikunjika, gari itavuta upande mmoja, itakula matairi, na ikigongwa tena haitawakinga waliomo ndani kama mara ya kwanza.

Kuujua mfupa hauhitaji mashine. Chukua kamba isiyonyumbulika. Chini ya boneti, pima toka kwenye bolti ya juu ya shokamzoba ya kushoto mpaka kona ya mbele ya kulia. Kisha pima toka kulia mpaka kona ya kushoto. Zikiwa sawa, vizuri. Zikiachana, kuna kitu kimesogea. Kisha nyoosha usukani, pima toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kila upande, lazima zilingane. Tazama na milango: ikifunga kwa shida baada ya ajali, ama ule mwanya kati ya mlango na fenda umekuwa mpana juu na mwembamba chini, muulize fundi kwa nini, na usikubali jibu la "hiyo ni kawaida ya Kikumi."

Jambo la pili ni injini, na hapa kuna kosa ambalo madereva wetu wanafanya kila siku. Rejeta imetoboka, maji yanamwagika barabarani, dereva anasema "acha nisogee tu mpaka gereji." Dereva wa Kikumi hii naye aliisogeza toka Natete mpaka Ndeeba. Si mbali, lakini injini bila maji haihesabu kilomita, inahesabu joto. Kichwa cha injini kinapinda, gasketi inaungua, na ile rejeta ya bei rahisi inageuka kuwa kazi ya injini nzima. Kabla ya kulipa hata shilingi ya bodi, toa kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Weka maji kwenye rejeta nyingine ya kuazima, washa, utazame kama yanatoa mapovu bila kukoma, na kama moshi wa nyuma ni mweupe hata injini ikisha pata moto. Ajali ikitokea na maji yakimwagika, zima gari, lipa wa kuivuta. Pesa ya kuvuta inauma siku moja.

Turudi kwenye zile 800,000. Hiyo ndiyo nafasi yote waliyo nayo. Maana yake, jumla ya matengenezo ikipita 2,100,000, ni heri kuuza. Ikiwa injini imeungua na fundi anaongeza 900,000, hesabu imekwisha geuka. Kwa hiyo tuliwaambia: andikeni huo mpaka kwenye karatasi leo, kabla hamjaanza, na wote watatu watie sahihi. Mkisha toa boneti na kununua rejeta, kila shida mpya itasema "ni laki mbili tu tena, mmekwisha kufika mbali." Tumeona gari zimelala gereji miaka kwa sababu ya hiyo laki mbili tu tena, na majani yameota ndani.

Mzee mmoja alitupinga hapa, na alikuwa na sababu. Alisema gari si kitu cha kuuza, ni ya kazi, kwa hiyo mbona mnahesabu bei ya kuuza? Tulimpa jibu hili. Kwa 120,000 kwa wiki, matengenezo ya 1,300,000 yanarudi katika wiki 11 hivi, hiyo ni kweli na ni nzuri. Lakini wiki inazolala gereji hazileti kitu, na mafundi wakisema wiki moja wewe hesabu tatu. Na bei ya kuuza inakusaidia siku ile kazi ikikosekana ama mmoja wenu akipata safari ya kwenda nchi nyingine ghafla, kama inavyotokea kwetu wakimbizi. Kitu ambacho hakiuziki ni mzigo hata kama kinatembea.

Kuna jambo jingine linalofanya watu wasite kuuza, nalo ni kwamba Kikumi nyingine haitapatikana kirahisi. Ni kweli kwamba sheria ya 2018 ilikataza kuingiza Uganda gari iliyopita miaka 15 tangu itengenezwe, kwa hiyo gari za miaka ya 1990 ni hizi hizi zilizokwisha kuingia, hazitaongezeka. Lakini zinauzwa bado, mkono kwa mkono. Usitishike na dalali anayekuambia ni ya mwisho Kampala.

Sasa mambo ya gereji yenyewe, kwa haraka. Usiende peke yako ikiwa hujui Kiluganda. Ukifika na Kiswahili chetu cha Bukavu bei inapanda kabla hujashuka. Tafuta rafiki Mganda ama mtoto wako aliyesoma hapa, atakuombea. Spea nunua mwenyewe ukiwa na fundi pembeni, usimpe pesa yote akanunue. Andika namba ya injini na ya chesisi, piga picha za betri, matairi na kila kitu chini ya boneti, kwa sababu gari iliyolala wiki tatu inaweza kuamka na betri ya mtu mwingine. Mlipe fundi kwa mafungu kadiri kazi inavyoonekana. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kushuhudia karatasi yenu.

Na wanaochagua kuuza kama chuma: msimpe mtu gari ikiwa logibuku bado iko kwa jina lenu bila karatasi ya mauzo na kuhamisha umiliki. Namba yenu itaendelea kutembea Kampala, siku moja polisi watakuja kuuliza. Familia hizi tatu zilipogeuza logibuku waliona bado ina jina la mtu aliyewauzia. Walikuwa wameahirisha kuhamisha ili kuokoa pesa. Hiyo pia ilimpa mtu wa chuma chakavu sababu ya kushusha bei.

Halafu karo. Familia ya kambini ina watoto wanne, wawili sekondari, na fungu lake la matengenezo lingekuwa kama 433,000, ambazo ndizo zile zilizowekwa kwa muhula. Maoni yetu tuliyasema wazi mbele ya wote: pesa ya muhula isiingie gereji. Si kwa sababu sisi ni walimu (mtasema hivyo, tunajua). Ni kwa sababu mtoto akikosa muhula anarudia, na ile wiki 11 ya kurudisha pesa inaangukia baada ya mtihani. Lakini pia si haki familia moja kulazimisha wawili wengine wauze mkono wao. Tukawauliza: gari ilivyo sasa, imevunjika, ni 2,500,000. Fungu la mmoja katika watatu ni 833,000. Je, familia mbili za Kampala ziko tayari kununua fungu la huyu kwa bei hiyo, si kwa bei ya milioni saba?

Palikuwa na kelele. Baba wa kambini alitaka ahesabiwe theluthi ya milioni saba, yaani milioni mbili na zaidi. Mwenzake akamjibu kwamba hata yeye angependa kuuziwa jana. Dereva naye, ambaye ni mkwe wa mmoja wao, alikuwa anaambiwa alipe yote peke yake. Hapo tulimtetea. Amewaendesha miaka miwili bila ajali na bila mshahara wa maana, na faida wote walikula. Alikubali kufanya kazi wiki mbili bila posho, ikaisha.

Mwisho wake, baba wa kambini alikubali 833,000 kwa mafungu mawili, la kwanza likalipwa kabla shule kufungua, la pili litatoka kwenye kazi ya gari. Mwenyekiti wa LC1 alishuhudia. Fundi wa Ndeeba alitoa vyuma vya mbele kwanza aone ndani. Kamba zilionyesha tofauti ya upana wa kidole upande wa kushoto. Ilikuwa ni ile fremu ya rejeta iliyosukumwa, mihimili yenyewe ilikuwa mizima. Oili ilikuwa safi. Zikaongezeka mpira mbili za kushikia injini zilizokatika na ule mkanda wa mama, na jumla ikafika 1,480,000. Ilichukua siku 19. Sasa hivi Kikumi inatembea, nyeupe mwili mzima isipokuwa boneti ya buluu, na watoto wa Katwe wamekwisha ipa jina ambalo hatutaliandika hapa. Logibuku inahamishwa mwezi huu.

Mwezi ujao tutajibu barua tatu tulizopokea kuhusu watoto wanaohama kutoka masomo ya Kifaransa kwenda ya Kiingereza katikati ya mwaka. Wenye maswali waache karatasi ofisini shuleni, ama wawape watoto wao watuletee darasani. Tunaomba muandike kwa kalamu inayoonekana.